Je, Kusikiliza ni Lazima Kuonekane?

Hivi, ndugu msomaji, mtu anayesikiliza unamtambuaje? Wengi watajibu: anakutazama usoni, anatikisa kichwa, anaitikia "enhee". Mimi nina usonji, na jibu hilo linanibana. Nikimtazama mtu machoni, maneno yake yananipotea. Nikiinama nikapiga randa ubao wangu, nasikia kila kitu.

Jioni, hapa Kibaha, natengeneza banda la kuku. Jumamosi niko Kisarawe, nyumba ya mama naipiga lipu. Masikioni naweka podikasti, yaani vipindi kama vya redio unavyovihifadhi kwenye simu ukavisikiliza utakapo. Sauti ile hainiulizi mbona sicheki. Neno likinipita, nairudisha nyuma. Mikono ikiwa na kazi, akili inatulia.

Majirani wanasema nina nyodo. Mama naye: "Baba, vua hivyo vidude, watu watasema umewasusa." Neno lake si la kupuuza. Kwetu salamu ni deni, na asiyeitikiwa anaumia kweli. Lakini nauliza: tumpime msikilizaji kwa uso wake, au kwa anachokifanya na yale aliyoyasikia?

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Choo kilichochimbwa ndicho kilichoonyesha kwamba ujumbe umefika. Kichwa kilichotikiswa kisingetosha.

Mtu atanibishia: wale walikuwa pamoja, wewe uko peke yako. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema wajibu uko pande mbili. Mie nikiona mtu anakuja, nivue vidude, niitikie salamu, hata kama macho yangu yako kwenye ubao. Naye asinivamie kwa kunishika bega, wala asidai nimkodolee macho ndipo aamini namsikia. Hata mlango ulio wazi tunaupigia hodi. Sikio la mtu lina haki hiyohiyo.

Mama siku hizi anapiga hodi. Anakuja kusimama kando yangu, sote wawili tunatazama ukuta, ananieleza habari za shamba na za ndugu. Siku nyingine tunaongea hivyo mpaka Magharibi, lipu ikitukaukia.