Mwendo wa Mtoto

Mtoto wa miaka minne hajui bei ya tiketi, na siku yake isipimwe kwa bei hiyo.

Walt Disney World ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina viwanja vinne vikubwa vya burudani, na hata kimoja hakimalizwi kwa siku na miguu midogo. Mzazi aliyedunduliza miezi mingi hutaka kila senti ionekane, basi humvuta mtoto kutoka foleni hadi foleni, juani, saa yake ya kulala mchana ikipita. Hapo kilio huanza, nacho huitwa utundu ilhali ni uchovu tu. Michezo mingine haimhusu kabisa: Space Mountain, yenye vigari vinavyokimbia gizani, haimpokei aliye chini ya sentimita 112. Lakini bata anayeogelea bwawani, au maji yanayoruka kwenye chemchemi, yanaweza kumshika nusu saa nzima, na nusu saa hiyo ni likizo halali. Mzazi mwenzangu, ukiona macho yake yamelegea, mrudishe chumbani alale. Jioni mtaingia tena kwa tiketi ileile.