Kuomba na Kudai: Suala la Maadili katika Utetezi wa Walio Kizuizini

Yeyote anayeiandikia serikali waraka akitaka wanaharakati walio kizuizini waachiliwe hukabiliwa na suala la kitenzi kabla hajakabiliwa na suala la hoja. Je, aombe, asihi au adai? Wako watakaoliona suala hili kuwa la adabu ya uandishi tu. Hata hivyo, kila kimojawapo cha vitenzi hivi kinabeba msimamo wake kuhusu nani mwenye uhuru. Aombaye hukubali, apende asipende, kwamba kitu kimo mikononi mwa aombwaye kwa halali, naye ana hiari ya kukitoa au kukinyima. Adaiye husimama pengine kabisa. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu akisema “namdai fulani”, msikilizaji huelewa mara moja kwamba pana deni; na mdaiwa halipi kwa ukarimu.

Tofauti hii hudhihirika zaidi palipo na kizuizi bila mashtaka. Mfungwa amehukumiwa, mahabusu angojea kesi, aliye kizuizini hana hukumu wala kesi. Nchini Kenya hali hii ya tatu iliwezeshwa na Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, hadi vifungu vya kizuizi vilipofutwa mwaka 1997. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa ndani tangu Desemba 1977 hadi Desemba 1978 bila kufunguliwa mashtaka yoyote. Kumwombea msamaha mtu aliye katika hali kama hiyo ni kumbambikia kosa ambalo serikali yenyewe haikujisumbua kulithibitisha.

Suala lenyewe ni kongwe. Katika utetezi wake wa mwaka 399 K.K., kama ulivyoandikwa na Plato, Socrates anakataa kuwaleta wanawe mahakamani ili wawalilie waamuzi. Hoja yake ni kwamba mwamuzi hakuketi pale agawe haki kama hisani, na kwamba anayemrai kwa machozi humfunza kukivunja kiapo chake. Hoja hii ina uzito, ila ina upungufu ambao aghalabu haugusiwi: Socrates alikuwa akijisemea mwenyewe. Mwenye haki ya kukataa kuombewa alikuwa yeye. Je, walio nje, ambao si wao wanaolala sakafuni, wana haki ya kuwa wakali kwa niaba ya aliye ndani?

Abdilatif Abdalla hakuwa kizuizini kwa maana ya kisheria. Alishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya waraka wa “Kenya: Twendapi?” wa mwaka 1968, akahukumiwa, akakaa gerezani tangu 1969 hadi 1972. Lakini mashairi aliyoyatunga humo, yaliyochapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, yanatoa sehemu ya jibu. Jina tu la shairi “Siwati”, yaani “siachi” kwa Kimvita, latosha kumwonya mtetezi. Mtu aliyekataa kuyaacha maneno yake akiwa korokoroni hawezi kutetewa kwa waraka unaoeleza kwamba aliteleza, kwamba ni damu ya ujana, kwamba hatarudia. Waraka wa namna hiyo waweza kuufungua mlango wa gereza kwa mwili wa mfungwa huku ukiyaacha ndani yale aliyofungiwa. (Diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Mwandishi wa kejeli hana la kuongeza.)

Jibu lililosalia lilitolewa na watu ambao hawakuandika diwani. Mnamo Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walilifikisha dai lao kwa Mwanasheria Mkuu, kisha wakaenda katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, kuwangoja wana wao huku wakigoma kula. Kijuujuu hiki ni kilio, tena ndicho hasa alichokikataa Socrates: mzazi analia mbele ya dola. Lakini tendo hilo lisomwe tena. Akina mama hawakukiri kosa lolote kwa niaba ya wana wao. Walikaa mahali pa wazi katikati ya jiji, wakangoja, na kungoja kwa namna hiyo ni tendo la mdai aliyeketi mlangoni pa mdaiwa. Machi 3, polisi walipowavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, baadhi yao walivua nguo. Katika mila za jamii nyingi za Kenya, mama kujiweka uchi mbele ya watu wa umri wa wanawe ni laana. Msihi hana uwezo wa kulaani. Awezaye ni mwenye haki ya mzazi, yule ambaye radhi zake hutafutwa. Kwa tendo moja, dola iliyozoea kujifanya mzazi iliwekwa mahali pa mtoto. Akina mama wakahamia katika kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo takriban mwaka mzima. Kufikia mapema mwaka 1993, karibu wafungwa wote katika orodha yao ya 52 walikuwa wameachiliwa.

Yamkini basi machozi hayana kosa. Kosa ni kule kukiri kunakoandamana nayo mara nyingi. Ipo pia hoja ya busara, nayo isidharauliwe: mtu anaugua ndani, na jamaa zake wameambiwa kwamba neno la unyenyekevu litamtoa kesho. Nani atakayewakataza kulitamka? Lakini anayeandika kwa jina la umma hana ruhusa hiyo. Kila ombi la hisani linalokubaliwa huwa kielelezo cha kizuizi kijacho, na serikali hujipatia sifa mara mbili: ya uthabiti inapokamata, na ya huruma inapoachilia.

Dai, hata hivyo, lahitaji mdaiwa. Katiba ya zamani ya Kenya, pamoja na ukatili wa kizuizi, ililazimisha jina la aliyezuiliwa litangazwe katika Gazeti Rasmi kabla ya siku 14 kupita. Palikuwa na jina, tarehe na ofisi ya kubishiwa hodi. Katiba ya 2010 iliwapa wadai silaha bora zaidi ilipoamuru aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Kumbe watu kadhaa waliotekwa baada ya maandamano ya Juni 2024 walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na polisi wakakana kuwazuilia. Desemba mwaka huo Rais aliahidi kwamba utekaji ungekomeshwa. Januari 2025 baadhi ya waliotekwa wakarudi makwao. Mhakiki azisome kauli hizo mbili sambamba. Ya kwanza inasema hatunao, ya pili inasema tutakomesha. Anayeahidi kukomesha jambo amekiri, walau, kwamba ana uwezo juu yake. Huyo ndiye wa kuandikiwa, kwa jina na kwa cheo, pamoja na orodha ya wasiorudi na tarehe ambayo kila mmoja wao alionekana mara ya mwisho.