Mrehani Hupenda Kuchumwa



Kama una mrehani kwenye kopo uani, chuma asubuhi hii: umande umekauka, jua halijawa kali, na mafuta yanayoyapa majani harufu bado yamo. Kata ncha ya tawi, juu kidogo ya jozi ya majani. Hapo yatachipua matawi mawili. Usipoukata, utatoa maua mapema, na majani yatapungua utamu. Ila usikate zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Mmea nao huishi kwa majani yake.

Kotimiri ina tabia nyingine. Joto huiharakisha kutoa mbegu, kwa hiyo panda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu. Nanaa itengee chombo chake, maana hutambaa ikaifunika mimea mingine.

Nasi ni kama mrehani: tumejaliwa ujuzi, muda na maneno mema, tukavibana tukidhani kutoa ni kupungukiwa. Kumbe kinachotolewa kwa kiasi huchipua upya. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Leo mpelekee jirani kishada cha majani, na mwoneshe mtoto mahali pa kukata.