Uzito Hauishi, Huhama

Baiskeli yangu ilipimwa uzito kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha kununulia majani chai, huko Konoin, si mbali na Mogogosiek. Ilitundikwa kwenye ndoano ileile inayopima mifuko ya kogo wangu. Foleni ilikuwa imeisha, lori la kiwanda lilikuwa halijafika, na vijana waliobaki pale walitaka kujua hiyo kitu ya Nairobi ni kilo ngapi. Namba zikacheza kidogo, kisha zikatulia: 10.8.

Nilifurahi kama mtu aliyepata bonasi ya Oktoba. Kogo alikuwa ameketi kando, kikapu kitupu magotini. Akaitazama mizani, akaitazama baiskeli.

"Hiyo ni nyepesi kuliko kikapu changu cha saa nne," akasema. Akasimama, akaizunguka polepole kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. "Na mzigo unaweka wapi?"

"Haibebi mzigo, kogo. Ni ya kwenda mbali."

"Kwani mtu huenda mbali bila mzigo?"

Vijana wakacheka, nami nikacheka. Sikujua kwamba lile swali lingenifuata mwaka mzima.

Wacha nieleze nilivyoijenga, maana hoja yangu yote iko ndani ya vyuma. Nilinunua baiskeli ya milimani, mtumba, fremu ya aluminiamu na magurudumu ya inchi 29. Ilikuwa na kilo 13 na nusu. Nilitaka kuigeuza iwe ya safari ndefu za changarawe, aina ya uendeshaji ambayo Wakenya wameanza kuonekana nayo duniani. Tangu 2021 kuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara, siku nne, takriban kilomita 650. Sule Kangangi, aliyekuwa nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani, na kifo chake kiliwafanya wengi wetu tujue kwamba kumbe kuna mchezo wa namna hii na kumbe Wakenya wako mbele. Mimi si mwanariadha. Lakini nilikuwa na barabara za Kericho na Bomet, na hizo hazidai kiingilio.

Kazi ya kwanza ilikuwa foki. Ile ya shoki ilikuwa nzito, na kwenye mlima mrefu inanyonya nguvu kila unapokanyaga ukiwa umesimama. Nikaweka foki ngumu isiyo na shoki, nikaokoa kilo 1.2. Nikaondoa sahani mbili za mbele pamoja na waya na kifaa cha kubadilishia, nikabaki na sahani moja ya meno 32, na nyuma kaseti inayofika meno 46. Giya hiyo ni ndogo kiasi kwamba unaweza kupanda kilima cha Konoin ukiongea. Nikatoa tairi za meno makubwa, nikaweka za upana wa 2.1 zenye meno mafupi, bila tyubu ndani, na maji ya gundi yanayoziba matundu madogo yenyewe. Upepo nikaweka psi 24 tu, kwa sababu tairi laini ndiyo shoki ya maskini. Kwenye usukani nikafunga pembe mbili fupi ili mikono ipate mahali pengine pa kushika baada ya saa tatu. Mwisho nikatoa stendi, madigadi na kengele.

Halafu, na hapa ndipo maneno yangu yanaanza kuwa mazito, nikaacha nyumbani pampu, tyubu ya akiba na kipochi cha viraka. Vyote pamoja havifiki nusu kilo. Kwenye grupu yetu ya WhatsApp gramu zinahesabiwa kama dhambi. Nikajiambia: barabara ina watu.

Barabara kuu ya lami kutoka mjini Kericho hupitia Litein, Kapkatet na Kaplong kabla ya kuingia Bomet. Mimi nilichagua ya ndani, ile ya udongo mwekundu inayokata mashamba ya chai. Saa kumi na mbili asubuhi umande bado uko juu ya majani, wachumaji wamefunga aproni za plastiki viunoni, na matrekta yanavuta kuni za mikaratusi kuelekea viwandani. Mtu wa Nairobi akiona picha anasema ni peponi. Nilikuwa nateleza. Kwa saa mbili nzima nilihisi kama mtu asiye na deni.

Kwenye mteremko mmoja walikuwa wamemwaga kokoto mpya. Jiwe likakata ubavu wa tairi la nyuma, mpasuko wa urefu wa ukucha. Maji ya gundi yakatoka yote, meupe kama maziwa, yakaloweka mchanga. Hapakuwa na boda, hapakuwa na duka. Simu ilikuwa na chaji na M-Pesa ilikuwa na pesa, lakini pale hapakuwa na kitu cha kununua.

Aliyenipata ni mzee mmoja kwenye Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma inayojulikana na kila Mkenya. Nyuma kwenye karia alikuwa na mitungi miwili ya lita 20 za maziwa, imefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Pampu ilikuwa imebanwa kwenye fremu. Chini ya kiti alikuwa na mfuko wa turubai: spana, viraka, gundi, kisu, tyubu ya akiba. Alikuwa na madigadi, kengele, stendi. Kila nilichokuwa nimekitoa, yeye alikuwa nacho.

"Chamgei," akasema, akaiegemeza baiskeli yake kwenye stendi bila kuniuliza chochote.

Alikata kipande cha mpira, akakitia ndani ya tairi kufunika mpasuko. Akaingiza tyubu yake. Kwa bahati tundu la rimu yangu lilikuwa pana, vali yake ikapita. Tukapiga upepo kwa zamu. Kazi yote ilichukua dakika kama 40. Mara mbili alitazama jua. Nilipotoa simu nimtumie kitu, akakataa. "Nenda, kijana. Ukifika salama inatosha."

Nikaenda. Kwenye kilima kilichofuata nilitazama nyuma nikamwona ameshuka, anaisukuma Black Mamba yake na kilo 40 za maziwa, kifua kimeinama karibu na usukani. Mimi nilikuwa kwenye lile jino la 46, nakanyaga taratibu. Sikusimama. Nilijiambia kwamba kusimama kungemchelewesha zaidi. Ni uongo mzuri, na niliuamini mpaka Silibwet.

Wiki iliyofuata nilirudi na tyubu mpya mbili. Ilinibidi niulize watu wengi, kwa sababu sikuwa nimemuuliza hata jina. Nilimkuta kwake akinoa panga. Alipokea tyubu kwa furaha ya kweli. Nikamuuliza kuhusu maziwa ya siku ile.

"Ah, yalirudi," akasema. "Nilikuta lori limeshaenda."

"Yote?"

"Yote. Tulikunywa, tukagawa kwa majirani, mengine mama akatengeneza mursik." Akacheka. "Mursik ilikuwa poa sana."

Nilimpa pesa ya maziwa. Alikataa tena, na safari hii nilielewa kwamba nikilazimisha nitakuwa nainunua ile asubuhi, na yeye hakuwa ameiuza.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Nilipunguza nusu kilo kwenye baiskeli yangu, na mtu nisiyemjua jina akapoteza lita 40. Uzito haukuwa umeisha. Ulikuwa umehama tu, na njiani ukaongezeka.

Ukishaona hivyo, unaanza kuona kila mahali. Kiwandani, kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Tunasema chai imekauka, imekuwa nyepesi kusafirishwa. Lakini ile kilo tatu na nusu ya maji ilibebwa kwanza mgongoni na mtu kutoka shambani hadi kituoni, kisha ikafukuzwa kwa moto wa kuni ambazo nazo zilibebwa na mtu mwingine. Pakiti nyepesi dukani ina historia nzito. Hata hizi barabara ninazozisifu zina yao. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Ardhi ya Kericho ilipogeuzwa kuwa mashamba makubwa ya wageni, wapo waliobeba gharama yake, na wajukuu zao bado wanaidai. Sisemi kwamba pampu yangu na historia hiyo ni sawa, la hasha. Nasema tabia ni moja: anayefurahia wepesi ni nadra kuulizwa uzito ulienda wapi.

Hapa msomaji anaweza kunikatiza. Je, si ndio utu huo? Mtu ni watu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama kila mtu angebeba kila kitu, tungehitajiana kwa nini? Hoja hiyo naiheshimu, na sitaki kuijibu kwa kujifanya mtu wa kujitosheleza. Kuna ubebaji ambao ni woga tu. Nimeona watu wakipanda kilima na vifaa vya kujengea nyumba. Na yule mzee naye anategemea wengine: lori, jirani, mke anayejua mursik.

Lakini kuna tofauti kati ya kutegemeana na kutegea. Yeye alibeba pampu ya watu wawili, mimi sikubeba hata ya mmoja. Niliposema "barabara ina watu", nilikuwa nimeshawagawia kazi bila kuwaambia. Na si ajali kwamba mwenye kidogo ndiye aliyebeba zaidi. Yeye anajua kwamba akikwama hakuna mtu wa kumpigia simu. Wepesi wangu ulikuwa na bima, na bima hiyo ilikuwa yeye.

Nikarudi kwenye vyuma, safari hii na swali moja kwa kila kipande: siku hiki kitakapohitajika, ni nani atakuwa amekibeba? Foki ngumu inanigonga mikono yangu mwenyewe. Ni wepesi wa halali. Sahani moja ya mbele inanigharimu kasi kwenye mteremko na magoti kwenye mlima. Magoti ni yangu. Tairi zenye meno mafupi zinateleza mvua ya saa tisa ikinyesha, na nikianguka naumia mimi. Stendi nayo iende zake, baiskeli italala kwenye nyasi.

Kengele ni tofauti. Bila kengele, anayelipa ni mama aliyebeba kikapu, anayeshtukia kitu kimempita sikioni kwa kasi, kimya kama nyoka. Kengele ilirudi. Madigadi ya nyuma yalirudi, kwa sababu ya anayenifuata. Pampu, viraka na tyubu vilirudi, vimefungwa chini ya kiti kwenye mfuko, na tyubu ni mbili. Moja si yangu. Ni ya yeyote nitakayemkuta ameketi kando ya barabara. Na kwa sababu fremu ya mtumba bado ina yale matundu ya skrubu nyuma, nikafunga karia ndogo.

Niliipeleka tena kituoni. Mizani ikasoma 12.3. Kogo akaiona karia kabla ya kuiona namba, na kabla sijasema neno alikuwa ameshaiwekea mfuko wa majani wa jirani yake mwenye mguu mbaya, nikautoe shambani kwake kila jioni nikiwa nyumbani. Sikuulizwa. Nafikiri ndivyo inavyopaswa kuwa.

Lakini sitaki mfikiri nimemaliza hesabu. Ile foki ngumu ilinigharimu shilingi 12,000. Malipo ya kila mwezi ya majani mabichi ni shilingi ishirini na kitu kwa kilo, kabla ya bonasi. Ni kama kilo 500 za chai, zilizochumwa majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, ili mimi ninunue kilo moja isiyokuwepo. Karo yangu ya shule ililipwa na mifuko hiyohiyo. Nimejiambia foki ni wepesi wa halali, kwamba mikono inayogongwa ni yangu.

Kogo hajawahi kuniuliza ilikuwa bei gani, nami sijawahi kumwambia.