Yafaa Kumpima Mtoto Mchanga?

Wako kati yetu wazee wasiopenda mtoto mchanga apimwe. Husema kuwa mtoto si gunia la mahindi, na ya kwamba kutaja udogo wake mbele za watu ni kumwitia mabaya. Tusiwacheke. Ndani ya neno lao mna ukweli, maana thamani ya mtu haipimwi kwa kilo. Lakini yafaa tujiulize: je, kutompima ndiyo heshima?

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Kwa makadirio ya mwaka 2020, mtoto 1 kati ya 7 ulimwenguni alizaliwa hivyo. Mtoto huyo hana mafuta ya kutosha mwilini, basi hupoteza joto upesi, huchoka kunyonya, na maradhi humwingia kwa urahisi. Na mama aliyejifungulia nyumbani, mbali na zahanati, hana mzani. Jicho nalo hudanganya, hasa mtoto akiisha kufunikwa khanga mbili tatu.

Ndipo watu wakatafuta vipimo vyepesi: utepe wa kuzungusha kifuani au mkononi, na rula ya kupima unyayo kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba. Uchunguzi uliofanywa kusini mwa Tanzania na kutangazwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa unyayo waweza kutusaidia kuwatambua watoto wadogo. Unyayo usiofika sentimita 8 watosha kutufanya tumwangalie mtoto kwa makini. Rula haihitaji betri, na kila ajuaye kusoma namba aweza kufundishwa kuitumia.

Hapa ndipo penye swali gumu. Kipimo hiki hukosea. Tukiweka mpaka kwenye sentimita 8, tutawapata wengi walio wadogo, lakini pia tutawapeleka zahanati watoto wengi wasio na shida. Tukiushusha hadi sentimita 7, tutapunguza safari za bure, ila baadhi ya wadogo watatuponyoka. Tukosee upande gani? Sisi twaona kuwa makosa haya mawili hayalingani. Mama aliyesafiri bure amepoteza siku na nauli, na kwa aliyejifungua juzi mwendo huo si mchezo. Lakini mtoto aliyepitwa aweza kupoteza uhai. Basi na tuzikubali safari za bure, mradi mzigo wake usiachwe kwa mama peke yake. Jirani mwenye baiskeli, na sisi wenye vijisenti, tuna sehemu yetu.

Maana kupima ni kuingia deni. Mwalimu anayemtambua mtoto asiyeona ubao vizuri, kisha akamwacha aketi nyuma ya darasa, amemdhulumu kuliko yule asiyemtambua. Vivyo hivyo, rula isiyofuatwa na msaada ni udadisi tu.

Kwa bahati njema msaada wa kwanza hauuzwi dukani. Mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, Dk. Edgar Rey alianza kuwafundisha akina mama kuwabeba watoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi. Na uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi 5, Tanzania ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuanza kuwabeba hivyo mara baada ya kuzaliwa, pasipo kungoja hali yao itulie, kulipunguza vifo vya watoto wadogo sana kwa robo. Kifua cha mama hakichukui nafasi ya mganga. Lakini hata njiani kuelekea zahanati, hapo ndipo mahali pake mtoto.

Basi wazee wetu wana haki kusema kuwa mtoto si gunia. Gunia hupimwa ili tujue bei yake. Mtoto apimwe ili tujue wajibu wetu kwake, na apimwe faraghani, mikononi mwa mama yake, pasipo kutangaziwa mtaa mzima.