Hadithi Zetu Humpima Mwenyeji

Karibu na Kendu Bay, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, kuna ziwa dogo la maji ya magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wataalamu wa miamba husema ni shimo la volkano lililojaa maji. Sisi wa huku tulilelewa na maelezo mengine: pale palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa kwenye karamu ya pombe, alifika bibi kizee asiyejulikana, nguo zimemchakaa, njaa imemkaba. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemchukua hadi kwake, akampa chakula na mahali pa kuota moto. Bibi akamwambia akusanye watu wake waondoke upesi. Mvua ikanyesha, kijiji kikadidimia pamoja na wanywaji wake, na leo heroe hutua palipokuwa na mapaa.

Kule Gwasi kuna Nyamgondho wa Ombare, mvuvi fukara ambaye wavu wake ulinasa kikongwe badala ya samaki. Akampeleka nyumbani, na tangu hapo zizi likafurika ng'ombe. Mali ikamlevya kuliko pombe. Usiku aliomtukana yule mama, akimkumbusha kwamba alimwokota tu ziwani, mama aliinuka akarudi majini, na mifugo yote ikamfuata.

Ukizisikiliza hizi mbili kwa makini utaona kwamba hakuna anayehoji tabia ya mgeni. Yule bibi wa Simbi huenda alifukuzwa kwao kwa uchawi, au alikuwa mkorofi tu. Msimulizi hana habari naye. Anayepekuliwa ni mwenye nyumba: alifungua mlango au hakufungua?

Sasa nenda soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku ya Jumapili. Waumini wakitoka misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, wengi hawaendi nyumbani. Wanaingia moja kwa moja kwenye mitumba. Beli zinafunguliwa, wanaojua wanang'ang'ania kamera, zile nguo safi za juu, na sisi wengine tunasubiri fagia, yale mabaki, mchana. Kuna omena wa kupimwa kwa gorogoro, vitanda, majiko ya jua kali, mboga kutoka Vihiga, ndizi kutoka Kisii. Hapa kila mtu anajifanya mwepesi wa kupokea watu, maana mteja ni mteja.

Nilikuwa nimesimama kwa muuzaji wangu wa ndizi alipokuja mama mmoja, wakaanza kupatana bei kwa Dholuo. Muuzaji huyo, kijana, anaongea Dholuo cha kuchekesha, cha mtu aliyekulia mtaa wa Manyatta, na mama alikuwa akifurahia. Kisha akamuuliza, kama tunavyoulizana wote: "In ja kanye?" Wewe ni wa wapi?

"Ja Kibuye," kijana akajibu, na walio karibu wakacheka.

"Aa, kwenu kabisa."

Kijana akasema kwao ni Kisii. Mama hakununa, wala hakuacha ndizi. Alifanya kitu kidogo sana: akahamia Kiswahili. Kijana akaendelea kumjibu kwa Dholuo, naye mama akaendelea na Kiswahili chake, hadi vichane viwili vikaingia kwenye mfuko. Alipogeuka kuondoka, muuza omena wa jirani akamwita: "Nyar Ugenya, umenipita leo?"

Jina hilo ndilo lililonishika. Mama yule ameolewa, ana wajukuu pengine, na bado anaitwa binti wa Ugenya. Ndivyo ilivyo kwetu. Ukoo hauoi ndani yake, kwa hiyo kila mke katika boma ametoka kwingine, na jina la alikotoka humfuata mpaka siku ya kuzikwa. Boma la Mluo linaendeshwa na wageni. Wao ndio wanaopika, wanaolea, wanaowafundisha watoto nani ni jamaa na nani si jamaa, na wao ndio waliotusimulia kuhusu Simbi.

Margaret Ogola alilijua hilo vizuri. Katika The River and the Source, riwaya iliyotoka mwaka 1994, Akoko anatoka Yimbo kwenda kuolewa na mtemi wa Sakwa. Mumewe na wanawe wanapofariki, shemeji anajitwalia kiti na mali, na ghafla mke aliyesifiwa kwa bidii anakuwa mtu wa kuja. Akoko hakulia langoni. Alifunga safari mpaka Kisumu kuishtaki familia mbele ya serikali ya mkoloni. Ajabu ya mambo ni kwamba mgeni mkubwa kuliko wote, mzungu, ndiye aliyempa sikio.

Miaka michache kabla ya riwaya hiyo, nchi nzima ilishuhudia kesi ya namna hiyo. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, Mkikuyu, alitaka amzike karibu na Nairobi; ukoo wa Umira Kager ukadai mwili urudi Siaya. Mwili ukalala mochari zaidi ya miezi mitano. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na mazishi yakafanyika Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, bila Wambui. Nimesoma mengi kuhusu mila zilizotolewa ushahidi pale. Mimi ningetaka kujua pia jinsi boma lile lilivyomlea mke huyo tangu aolewe mwaka 1963, lakini korti haikuundwa kwa maswali ya bibi wa Simbi.

Najua nitakachojibiwa: Na Luanda Magere je? Shujaa wa Kano, mwili wake jiwe, mikuki haimpenyi. Lang'o, majirani waliokuwa maadui, wakamletea bibi harusi mrembo. Akapata siri kwamba uhai wa mumewe uko kwenye kivuli, akatoroka usiku akaipeleka kwao. Hii ndiyo hadithi inayotolewa haraka kila tunapotaka kumshuku jirani. Siikatai. Lakini yule msichana alitolewa na wazee wake kama mtego, na kila nilipoisikia hadithi hiyo utotoni, jiwe lilikuwa na jina na yeye hakuwa nalo.

Grace Ogot naye alitugeuzia kibao. The Promised Land ya mwaka 1966 inawavusha Ochola na mkewe Nyapol kutoka Nyanza hadi Tanganyika kutafuta ardhi. Wanafanikiwa, na mafanikio yanamwasha jirani mganga mpaka Ochola anaugua ugonjwa wa kutisha na wanarudi walikotoka. Wapo wanaoisoma kama onyo la kubaki nyumbani. Mimi naona mle ndani kijana wa ndizi, ila safari hii ana jina la Kijaluo. Na tusisahau kwamba mji huu umewahi kufanya vyema: mshairi Okot p'Bitek alipopoteza kazi Kampala, alikuja kufanya kazi Kisumu, na mwaka 1968 akaandaa hapa tamasha la sanaa.

Halafu zikaja vurugu za baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2007. Maduka yaliteketezwa katikati ya mji, na waliokuwa wakituuzia waliondoka. Vijana wetu wengi walikufa kwa risasi za polisi, na wakati huohuo ndugu zetu wakawa wanashuka kwenye mabasi kutoka Naivasha, wao wakiwa ndio wa kuja huko walikokuwa.

Nilifundisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei miaka ile ilipokuwa kitabu teule. Ridhaa, aliyeishi kwa miaka mingi mahali palipoitwa si kwao, anapoteza familia na nyumba baada ya uchaguzi, na Mzee Kedi, jirani yake, ni miongoni mwa waliomgeuka. Darasa zima lilimlaani Kedi. Mitihani nayo ilikuwa ikiuliza daima kuhusu masaibu ya Ridhaa, na wanafunzi waliyajua kwa orodha. Muhula mmoja nikawapa swali langu: jifanye mke wa Mzee Kedi, asubuhi ya pili yake.

Wengi waliandika juu ya kilio na majuto. Msichana mmoja aliandika kwamba mke wa Kedi aliamka akafungasha nguo zake, kwa sababu na yeye aliolewa kutoka mbali, na alikuwa amehesabu majirani waliosalia akaona zamu yake i karibu. Nilimpa kumi na nane kwa ishirini. Mbili zilikwenda na tahajia.