Wimbo wa Wenyewe

Kijana wa Kenya anayehamia Glasgow mara nyingi huwa amekwishachagua timu kabla hajapanda ndege. Mkenya mwenzake Victor Wanyama aliichezea Celtic ya mji huo, na usiku ule wa Novemba 2012 alipoifunga Barcelona kwa kichwa, Celtic wakashinda 2-1, Wakenya wengi waliihesabu timu ile kuwa ya nyumbani. Mapenzi ya namna hiyo hayana ubaya wowote. Ubaya huanza pale mtu anapodhani kwamba akishavaa jezi, basi na ugomvi wa wenye jezi ni wake.

Namzungumzia kijana mmoja wa Likoni, mtunza wazee katika nyumba moja mashariki mwa mji ule. Ameniruhusu niyaseme haya kwa sababu wengine kama yeye wako huko, na hakuna anayewaambia.

Mwenzake wa kazini, mwenyeji, ndiye aliyempeleka Celtic Park. Walipanda basi la tawi la mashabiki, akavishwa skafu ya kijani na nyeupe, na wakati wa mapumziko akanunuliwa pai ya nyama na kikombe cha Bovril, mchuzi moto wa nyama. Pombe ilipigwa marufuku kwa mashabiki viwanjani Scotland baada ya vurugu za fainali ya Kombe mwaka 1980, lakini nani aliyeihitaji? Umati wa uwanja unaochukua watu wapatao 60,000, ukiimba kwa sauti moja, unatosha kumlevya mtu. Goli lilipoingia, wazee asiowajua walimkumbatia. Kwa mara ya kwanza tangu afike, hakujiona mgeni. Basi kundi fulani lilipoanzisha wimbo wenye mdundo mwepesi, naye akaudaka, akaurudia mpaka ukamkaa kichwani. Beti alizisikia nusunusu. Alichoshika vizuri ni kiitikio.

Jumatatu asubuhi alikuwa chumbani kwa mzee wa miaka 80 na ushei, mtu waliyezoeana na kutaniana. Anamvalisha soksi, huku anaimba kwa sauti ya chini. Juu ya kabati palikuwa na picha ya kijana mwenye bereti ya jeshi. Picha ile alikuwa ameipangusa vumbi miezi yote, hajawahi kuuliza ni ya nani. Mzee akauvuta mguu wake. Akamwambia atoke, kisha akabonyeza kengele, na kijana akabaki amesimama na soksi moja mkononi.

Muuguzi wa zamu, mama mmoja wa Kisii aliyekaa Scotland muda mrefu, alimkuta kwenye ujia.

“Mwanangu, umeimba nini humo ndani?”

“Wimbo wa mpira tu, mama.”

“Ule si wa mpira. Unawasifu waliomuua mdogo wa mzee.”

Yule wa kwenye picha alikuwa askari wa Uingereza, akauawa Belfast, Ireland Kaskazini, miaka ya 1970.

Hapo ndipo inapobidi kuijua historia. Celtic iliasisiwa mwaka 1887 na Brother Walfrid, mtawa Mkatoliki kutoka Ireland, ili zipatikane fedha za kuwalisha watoto maskini wa mashariki mwa Glasgow, wengi wao wa wahamiaji wa Ireland. Rangers, iliyoanza mwaka 1872, ikaja kuwa timu ya Waprotestanti, na kwa miongo mingi ilikwepa kusajili Wakatoliki, mpaka Maurice Johnston alipotua mwaka 1989. Vita vya Ireland Kaskazini, vilivyowagawa Wakatoliki na Waprotestanti na kuua watu wapatao 3,500 hadi makubaliano ya 1998, viliingia majukwaani kwa njia ya nyimbo. Hakuna upande ulio safi. UEFA iliipiga Celtic faini mwaka 2011 kwa nyimbo za aina hiyo, na mwaka 2019 ikafunga sehemu ya uwanja wa Ibrox kwa sababu ya nyimbo za chuki za mashabiki wa Rangers. Na si maneno matupu: mwaka 1995 mvulana wa miaka 16 aliuawa akirudi nyumbani kutoka mechi ya Celtic.

Mkenya hana udhuru wa kushangaa. AFC Leopards na Gor Mahia zilizaliwa katika jamii mbili, Waluhya na Waluo, na tukabahatika kuiita mechi yao ya mashemeji, jina linalobeba utani na udugu. Hebu fikiria Mskoti aliyetua Nairobi juzi, akafundishwa na wahuni wa jukwaani tusi la kikabila, akaenda kuliimba ofisini mbele ya mtu aliyechomewa nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008. Tungemsamehe kwa kuwa hakujua? Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hawakusema ukawaimbie.

Kijana alipewa barua ya onyo. Kwa mtunza wazee wa kigeni barua hiyo ni nzito, maana viza yake imefungwa kwa mwajiri. Akifukuzwa, kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mwajiri mwingine au aondoke nchini. Kilichomuuma zaidi ni mzee. Aliandika barua ya kuomba radhi, akaipeleka kwa mkono wa yule mama. Baada ya wiki kadhaa mzee alikubali amletee chai. Kumvalisha, hakukubali tena.

Mpira hakuuacha, na nisingemshauri auache. Furaha aliyoipata uwanjani ilikuwa ya kweli, na watu waliomkumbatia hawakuwa na hila. Lakini aliporudi kwenye lile basi la mashabiki, alimlaumu mwenyeji wake: mbona hukunionya?

“Mimi mwenyewe siuimbi ule,” yule jamaa akamjibu. “Mama yangu alinikataza tangu mdogo. Tulisimama bega kwa bega siku ile, na mimi nilikuwa nimefunga mdomo. Ungenitazama, ungeuliza.”